Tuchimbe mafuta, lakini tusidanganyane juu ya bei



Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana huku kwetu Tarime na Serengeti, minadani, vilabuni na hata kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Jambo lenyewe ni bei ya petroli na dizeli, pamoja na usemi ulioenea kwamba bei hiyo ingeanguka mara moja kama nchi yetu ingechimba mafuta yake yenyewe.

Wapo wanaosema mafuta yamekwisha kuonekana ila yamefichwa. Wapo wanaosema mataifa makubwa yametukataza kuyachimba. Mzee mmoja wa hapa kijijini alinieleza mbele ya watu kwamba nchi iliyojaliwa dhahabu, almasi, tanzanaiti na gesi haiwezi kukosa mafuta, na kwamba sisi walimu tumesomeshwa ili tusiyaone. Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini usemi wa mzee huyu ndio usemi wa wengi. Haufai kupuuzwa, kwa sababu watu wanapanga maisha yao juu yake. Kijana anakopa pikipiki akiamini mafuta yatashuka. Mgombea akisimama jukwaani na kuahidi petroli ya bei poa kutoka visima vyetu, anapigiwa makofi kuliko yule anayeahidi kalavati.

Mimi naunga mkono uchimbaji. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba kisima kikichimbwa Tanzania, lita moja itakuwa nafuu Mugumu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi watu wa Tarime na Serengeti tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Tuitazame Nyamongo. Mgodi wa North Mara umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2002. Je, yupo mama hata mmoja wa Nyamongo aliyenunua hereni za dhahabu kwa bei nafuu kwa sababu dhahabu imetoka jirani na shamba la mumewe? Hayupo. Sonara humwuzia kwa bei ya dunia, sawasawa na anavyomwuzia mtu wa Mtwara au wa Mombasa. Faida iliyowahi kutufikia kutokana na dhahabu ile imekuja kwa njia nyingine: ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, fedha za miradi ya jamii, hisa za Serikali katika kampuni ya Twiga iliyoundwa mwaka 2019. Iwapo fedha hizo zimetumika vizuri au vibaya ni hoja ya siku nyingine, tena ni hoja ndefu. Lakini bei ya dhahabu haikujali imechimbwa wapi, na mafuta yana tabia hiyo hiyo.

Labda nizungumzie kwanza ardhi yenyewe, maana uvumi mwingi unaanzia hapo. Masika moja vijana wa kitongoji cha jirani walikuta maji ya bwawani yana utando unaong'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Wakaja mbio shuleni kuniita, tayari wanabishana nani ameona kwanza. Nilichukua kijiti nikaugusa utando ule. Ulikatika vipande vipande kama ganda la uji uliopoa, na vipande havikuungana tena. Utando wa mafuta ukiugusa hujirudi na kuungana; ule wa bwawani hutokana na vijidudu vinavyoishi katika maji yenye chuma. Vijana walisikitika sana. Mmoja wao alikuwa amekwisha kumwambia baba yake asiuze kipande kile cha ardhi kwa bei yoyote ile.

Mafuta hupatikana zaidi katika miamba ya mashapo, yaani miamba iliyotokana na tope na mchanga uliotuama chini ya maji kwa mamilioni ya miaka pamoja na mabaki ya viumbe. Sehemu kubwa ya Tarime na Serengeti imekaa juu ya miamba migumu ya kale sana, ile ile inayotupa dhahabu. Ndiyo maana Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), lililoundwa mwaka 1969, halikuja kutafuta mafuta Nyamwaga wala Natta. Limetafuta katika mabonde: Ziwa Tanganyika, bonde la Eyasi-Wembere kusini ya hifadhi yetu, na huko pwani na baharini. Pwani ilipatikana gesi, Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2010 ikapatikana nyingine nyingi katika kina kirefu cha bahari, hata jumla ikatajwa kuwa takriban futi za ujazo trilioni 57. Gesi hiyo ni mali kubwa, lakini gesi si petroli. Huwezi kuimimina kwenye tangi la pikipiki kwa faneli.

Sasa tuje kwenye bei. Petroli inayouzwa Mugumu imenunuliwa ng'ambo ikiwa imekwisha kusafishwa, sehemu kubwa kutoka nchi za Ghuba ya Uarabuni. Huagizwa kwa pamoja chini ya wakala wa Serikali, PBPA, na hulipiwa kwa dola. Vita ilipozuka Ukraine mwezi Februari 2022 hakuna mtu wa Serengeti aliyerusha hata jiwe, lakini ilipofika Agosti mwaka huo lita moja ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400, na hiyo ni baada ya Serikali kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mwaka uliofuata tatizo lilikuwa jingine: dola ziliadimika nchini, bei ikapanda tena, na EWURA ikavifungia baadhi ya vituo vilivyobainika kuficha mafuta vikisubiri bei mpya. Huo ndio ulanguzi tunaoufahamu tangu zamani, umebadili nguo tu.

Juu ya bei ya meli huwekwa ushuru na tozo. Mwaka 2021 tozo ya barabara iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, na mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa ya Taifa. Kisha huja faida ya mwagizaji, faida ya mwenye kituo, na mwisho safari. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Lori la mafuta lenyewe linakunywa dizeli njia nzima, na kila kilomita inaandikwa katika bei yetu. Ndiyo sababu katika orodha ya bei kikomo inayotolewa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Tarime na Mugumu huwa juu ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi mia moja.

Napenda kuwauliza wanaosema tuchimbe ili bei ishuke: katika mambo hayo yote, kisima chetu kingefuta lipi? Bei ya dunia hakifuti, maana kampuni itakayochimba haitakubali kutuuzia kwa hasara pipa inaloweza kuliuza kwa bei nzuri ng'ambo. Safari haipungui, labda kisima kiwe Mugumu kwenyewe, na nimekwisha kueleza habari ya miamba yetu. Upungufu wa dola kingepunguza, hilo ni kweli na ni jambo kubwa. Lakini hata hapo tungehitaji kiwanda cha kusafishia. Nasi tulikuwa nacho! Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kilianza kazi miaka ya 1960 kwa ubia na Waitaliano, kikasafisha mafuta ghafi kwa zaidi ya miaka thelathini, kikaacha kusafisha na kugeuzwa maghala ya kuhifadhia. Na kiwanda hicho kilipokuwa kinafanya kazi, wazee wetu hawakuwa wakiogelea katika petroli. Wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyopigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mafuta ghafi yaliyosafishwa Kigamboni yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo hazikuwapo.

Jirani zetu ng'ambo ya Sirari wametupa funzo ambalo hatuhitaji kwenda chuoni kulipata. Kenya iligundua mafuta Turkana mwaka 2012. Ikayasafirisha kwa malori hadi Mombasa, na mwezi Agosti 2019 meli ya kwanza yenye mafuta ghafi ya Kenya ikang'oa nanga. Kulikuwa na shangwe kubwa. Lakini kiwanda chao cha Changamwe kilikuwa kimekwisha kuacha kusafisha tangu mwaka 2013, kwa hiyo ghafi ilitoka na petroli ikaendelea kuingia. Septemba 2023 petroli ya Nairobi ilifika shilingi 211 za Kenya kwa lita, bei ambayo hawakuwahi kuiona. Watu wa Turkana nao, mwaka 2018, waliyazuia malori yale barabarani wakidai usalama, ajira na fungu lao. Yaani waliokaa juu ya mafuta walikuwa wakiyaona yanapita tu.

Uganda iligundua mafuta ya kutosha biashara mwaka 2006. Zaidi ya miaka kumi na mitano ikapita bila pipa moja kufika sokoni. Bomba la kuyatoa Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko katika ardhi yetu, katika mikoa minane. Mara haimo. Nimesikia vijana wakisema bomba likikamilika tutakuwa tunachota wenyewe. Ndugu zangu, yale ni mafuta ghafi yenye nta, huganda yakipoa, na bomba lote limetengenezwa ili yapashwe moto wa nyuzi 50 au zaidi njia nzima. Ukiyatia kwenye pikipiki utaisukuma hadi uzeeni. Faida yetu katika bomba lile ni ada ya kupitisha, ajira za ujenzi na hisa asilimia 15 za TPDC. Hizo ni fedha, na fedha huingia hazina. Haziingii kwenye pampu.

Na kwa wale wanaosema basi tujenge kiwanda kikubwa na mambo yataisha, waitazame Nigeria. Ni mwanachama wa OPEC tangu mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi iliagiza petroli kutoka nje kwa sababu viwanda vya Serikali vilikufa. Bei ilishikiliwa na ruzuku. Ruzuku ilipoondolewa Mei 2023 bei ilipanda karibu mara tatu kwa siku chache. Kiwanda cha Dangote chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku kikaanza kazi mwaka 2024, na mwaka huo huo lita ikapita naira 1,000. Kiwanda kinanunua ghafi kwa bei ya dunia, hata ghafi ya nyumbani.

Baada ya kusema hayo yote, narudi kijijini kwangu, ambako bei kikomo ya EWURA ni hadithi tu. Hakuna sheli hapa. Petroli huja kwa madumu kutoka mjini na kuuzwa barabarani kwenye chupa za maji ya kunywa. Muuzaji huongeza shilingi mia kadhaa juu ya bei ya mjini, na chupa yenyewe haijai. Nimewahi kuwapa wanafunzi wa Darasa la Sita zoezi la kupima ujazo wa chupa ya namna hiyo kwa kikombe cha maabara tulichoazimwa, wakaona wenyewe kwamba lita ya barabarani si lita. Mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukomesha mchezo huo, na huweka vinasaba katika mafuta ili wakaguzi wawatambue wadanganyifu, lakini mkaguzi wa vinasaba sijamwona akipima chupa chini ya mwembe.

Simlaumu sana muuzaji wa chupa. Naye amelipa nauli ya dumu, tena anahatarisha nyumba yake kwa moto. Lakini tazama mzigo huo unamwangukia nani. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea tajiri wake kila jioni, na hesabu haishuki kwa sababu petroli imepanda. Atapandisha nauli. Mjamzito anayekimbizwa zahanati usiku hana nafasi ya kubishana bei. Mkulima mwenye magunia sita ya mahindi hulipa usafiri kwa gunia, na mnunuzi anayekuja na lori hukata gharama ya dizeli katika bei anayomlipa mkulima. Akinunua sukari dukani, dizeli imo tena ndani ya bei. Mkulima wa Serengeti hulipa dizeli akiuza na hulipa dizeli akinunua, ingawa hana hata baiskeli.

Lakini ipo gharama moja iliyopungua hapa kijijini, na watu hawaizungumzi. Mashine ya kusaga ya hapa ilikuwa ya dizeli. Kila dizeli ilipopanda, bei ya kusaga debe ilipanda, na isiposhuka dizeli wala bei ya kusaga haikushuka. Dizeli iliposhuka, bei ya kusaga ilibaki pale pale! Umeme wa REA ulipotufikia, mtu mmoja alifunga mashine ya mota, akatoza pungufu, na yule wa dizeli akalazimika kumfuata. Sasa umeme huo unatoka wapi? Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo imekuwa ikizungusha mitambo ya umeme Dar es Salaam, ikafuatiwa na gesi ya Mnazi Bay, na sasa yapo pia maji ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Yote huingia katika gridi moja, na Mara imo katika gridi hiyo. Kwa hiyo uchimbaji wa nyumbani umekwisha kutufikia. Haukuja katika chupa. Umekuja kwa waya, na kina mama wanaobeba debe kichwani wameuona kabla yetu sisi tunaobishana vilabuni. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nao ulitukumbusha jinsi tulivyokwisha kuutegemea.

Nasema hivyo nikiwakumbuka ndugu zetu wa Mtwara. Mwaka 2013 walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam kulitokea ghasia na watu wakapoteza maisha. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa kwamba wananchi walikuwa wameachwa waamini jambo moja, na Serikali ikatenda jambo jingine, bila mtu kukaa nao na kuwaeleza hesabu. Sitaki yatokee hayo Eyasi-Wembere au kwingineko kisima kitakapopatikana. Waheshimiwa wabunge na madiwani wakisimama jukwaani waseme wazi: mafuta yakipatikana, Taifa litapata mrabaha, kodi na dola, bei ya pampu itafuata dunia. Mwananchi akielezwa hivyo ataanza kuuliza maswali yenye maana, kwamba mrabaha huo utatumika nini na nani atausimamia.

Wakati tunasubiri kisima, yapo mambo ambayo hayahitaji kisima. REA imekuwa ikitoa mikopo kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Habari hiyo ni njema, lakini watu wengi wa huku hawaifahamu, na wanaoifahamu hukwama kwenye masharti ya kiwanja na vibali. Halmashauri za Tarime na Serengeti zingeweza kutenga viwanja katika vijiji vikubwa vya njiani na kumsaidia mwombaji kukamilisha karatasi, hata chama cha ushirika kikiweza kiombe. Pampu moja iliyopimwa, inayouza kwa bei kikomo, ingewaondolea watu wa vijiji vinne au vitano nyongeza ya chupa na hofu ya moto. Hiyo ni nafuu ya mamia ya shilingi kwa lita, na hakuna kisima kitakachotupa nafuu ya namna hiyo. Mwenye simu, hata ya kitochi, anaweza kupiga *152*00# na kufuata maelekezo ili aijue bei kikomo ya wilaya yake kabla ya kufungua mkoba.

Jambo jingine ni ile shilingi 100 ya mwaka 2021. Siombi ifutwe. Sisi wa vijijini ndio tunaoihitaji barabara, na lori likipita vizuri hutumia dizeli kidogo na huharibika mara chache. Lakini kila lita iliyoingia kwenye pikipiki za kata yetu tangu mwaka huo imelipa shilingi hiyo, na kila masika kuna korongo kati yetu na barabara kuu ambalo hukata mawasiliano, watoto wakakosa shule na magunia yakalala. Naiomba TARURA katika wilaya zetu mbili ibandike kwenye mbao za matangazo za kata orodha ya barabara zilizotengenezwa kwa fedha hizo, kila moja na kilomita zake na gharama zake. Karatasi moja inatosha. Na kama korongo letu halimo katika orodha, tuelezwe limewekwa mwaka gani wa fedha, ili wazazi wajue kama watengeneze kivuko cha magogo kwa kujitolea kabla mvua hazijaanza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.